Mrehani wa Mwaka wa Kumi na Mbili

Mke wangu Tanhubai alikufa mwezi wa Vaishakh, kabla ya mvua, mkono wake ukiwa kwenye mpini wa jiwe la kusagia. Unga alioacha ungetosha mikate minne ya mtama. Mimi nilikuwa nje nafunga mbuzi. Nilisikia wimbo umekatika katikati, nikadhani anameza mate.

Nitasema alikuwa nani. Yeye angesema vizuri zaidi, ila angechukua siku mbili.

Alizaliwa Mendhewadi, kijiji cha Kanhoba. Kanhoba alikuwa mchungaji wa kondoo, zamani sana, kabla ya babu za babu zetu. Hakujua kusoma, kama mimi, lakini wenye kusoma walimfuata malishoni wakaketi kwenye samadi kumsikiliza. Alikwenda Pandharpur kwa miguu kumwona Mungu wetu Vithoba, na kila mwaka alichelewa sikukuu. Mara kondoo kazaa njiani. Mara mto umejaa. Mara kakuta mtu mgonjwa, kakaa naye mpaka akapona au akafa. Mwaka wa kumi na mbili alifika mlango wa hekalu umefungwa, watu wameshatawanyika. Akaketi nje, akaimba:

Wewe umesimama, mimi nimekaa,
tuone nani atachoka kwanza.

Kama mlango ulifunguliwa au la, watu wa Mendhewadi wanabishana mpaka leo. Tanhu alikuwa upande wa wanaosema haukufunguliwa. "Ungefunguliwa angeingia, akatoka, akaenda zake," alisema. "Na mrehani tungeupata wapi?" Maana pale nje alipoketi palikuwa na mrehani mtakatifu umekomaa. Alirudi na mbegu zake kwenye pindo la blanketi, akazipanda uani kwake. Tangu hapo, binti wa Mendhewadi akiolewa, mama yake humpa mche wa uzao ule. Tanhu alikuja kwangu, kijijini Nimbhere, na sari mbili, sufuria moja, na mche ule.

Mimi kazi yangu ilikuwa mawe. Nilizunguka vijijini na nyundo na tindo, nikitia meno upya mawe ya kusagia yaliyolainika. Hata jina langu, Dagadu, maana yake ni jiwe. Ndugu zangu wawili walikufa wakiwa wachanga, kwa hiyo mama aliniita hivyo ili kifo kisinitamani. Siku ya harusi wanawake waliziba mlango kama kawaida, wakamwambia bibi harusi hapiti mpaka alitaje jina la mume katika ubeti. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hakufikiri hata kidogo. Alisema:

Mawe yote hulala yalipoangukia,
langu linatembea na nyundo begani: Dagadu.

Walimpisha. Baada ya hapo hakunitaja jina tena miaka arobaini na sita, kama mke yeyote mwenye adabu kwetu. Nilikuwa "wee" mpaka Maruti alipozaliwa, kisha nikawa Baba Maruti.

Tulizika watoto wawili. Tulipitia ukame, tukavunja kokoto barabarani pamoja, yeye akivunja nyingi kuliko mimi kwa sababu alikuwa anaimba. Kisha mashine ya umeme ya kusaga ikaja kijijini, na kazi yangu ikafa kwa msimu mmoja. Mawe ya watu yakawa ngazi za kupandia veranda. La Tanhu halikuguswa. Kila alfajiri alisaga konzi mbili tatu, hata kama gunia la unga wa mashine lilikuwa limejaa.

"Unajichosha bure," nilimwambia.

"Mashine inajua nyimbo gani?"

Nyimbo zake zote zilikuwa za wazee wa zamani, waliomjua Mungu. Aliwaimba kama watu wa mtaa wa pili. Alimpenda yule mtumishi wa kike ambaye Mungu alimsaidia kusaga. "Angalau yule alipata msaidizi," alisema, akinitazama. Na alimpenda Pundalik zaidi ya wote. Pundalik alikuwa anawakanda miguu wazazi wake, Mungu akaja mlangoni kumtembelea. Pundalik hakuinuka. Alirusha tofali, akamwambia simama hapo, nina kazi. Mungu akapanda juu ya tofali, akaweka mikono kiunoni, akangoja. Anangoja mpaka leo. Ndiye huyo Vithoba wa Pandharpur.

Alipofika miaka hamsini na mbili, asubuhi moja alisimamisha jiwe akasema, "Baba Maruti, mwaka huu nakwenda na msafara. Nitakwenda miaka kumi na mbili, kama Kanhoba."

"Unaomba nini?"

"Siombi kitu. Mtu akimtembelea jirani lazima aombe chumvi?"

Kwetu kila mwezi wa Ashadh msafara huondoka kijijini. Ni mwendo wa siku tisa. Mbele anatangulia Haribuwa, kiongozi wetu, na zeze lake. Wanaume hubeba bendera na kupiga matuazi. Wanawake huenda kwa mistari, wengine wamebeba mirehani kichwani, kila mmoja katika kopo lake la shaba. Tanhu alibeba wake miaka kumi na moja. Mimi sikwenda hata mara moja. Nilimsindikiza mpaka kwenye mpaka wa kijiji, nikarudi. Nilikuwa nasema mbuzi watabaki na nani.

Na miaka yote hiyo hakuingia hekaluni. Foleni ya kuifikia miguu ya Mungu huchukua siku nzima na zaidi. Aliinamia kilele cha hekalu kutoka mbali, akarudi.

"Umekwenda mpaka mlangoni hukuingia?" nilimwuliza.

"Mwaka wa kumi na mbili nitaingia. Nina neno la kumwambia."

"Neno gani?"

"Nitamwambia inatosha. Aketi." Akacheka mpaka akakohoa. "Hujaona miguu yangu mimi jioni? Na mimi nasimama siku tisa tu."

Akafa mwaka wa kumi na moja umekwisha, wa kumi na mbili bado miezi miwili.

*

Siku kumi za kwanza za msiba sisi wa nyumba ile tuko kwenye mwiko. Hatuwashi taa ya ibada, hatupiki, hatugusi kitu kitakatifu. Chakula kililetwa na Hausabai, jirani yetu, rafiki wa Tanhu na mgomvi wake wa kila siku. Mrehani ulikuwa uani, juu ya kijukwaa cha udongo, hatua nne kutoka pale nilipokaa. Siku ya pili niliona majani yamelegea. Siku ya nne yalikunjamana. Jua la Vaishakh halina huruma. Nilitazama. Sikugusa, kwa sababu haturuhusiwi. Na sikusema, kwa sababu sikuwa na la kusema na mtu yeyote siku zile. Neno moja tu juu ya ukuta lingetosha: Hausa, mwagia maji. Yeye hakuwa na mwiko.

Siku ya kumi tulikwenda mtoni. Tulinyolewa mimi na Maruti. Tukaweka matonge ya wali juu ya majani, tukarudi nyuma, tukangoja kunguru. Kunguru akila, marehemu ameondoka na moyo mweupe. Asipokula, kuna jambo limembana, na walio hai lazima walitafute na kuahidi.

Kunguru walikuwepo, saba au wanane, kwenye mwarobaini. Walitutazama tu.

Maruti alisogea, akakunja mikono. "Mama, nitamtunza Baba. Usiwe na wasiwasi."

Hawakushuka.

Shevanta, mkewe, akasema, "Mama, yule mbuzi wako mwekundu hatutamwuza."

Kunguru mmoja alihama tawi. Watu wakashusha pumzi. Hakushuka.

Hausabai akajitokeza mbele, sari kiunoni. "Tanhu! Lile sufuria lako nililoazima Diwali, nitarudisha! Haya, shuka ule!"

Watu walicheka, pale pale msibani. Hata mimi mdomo ulicheza. Kunguru hakushuka.

Haribuwa alitazama jua. "Limepanda sana. Tufunge kunguru wa nyasi, agusishwe wali, tumalize. Inaruhusiwa."

"Ngoja, Buwa," nilisema.

Ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku kumi. Nilisogea mpaka kwenye matonge. "Mama Maruti," nilisema, "mwaka wa kumi na mbili nitautembea mimi. Mrehani wako nitaubeba mimi, kichwani. Na lile neno lako nitalifikisha."

Kunguru alishuka. Alitua upande wa kushoto, akachota tonge katikati, akaruka nalo. Sijui kunguru wanajua nini. Nasema nilichokiona, na kijiji kizima kiliona.

Tulirudi nyumbani, mwiko umeisha. Nilikwenda moja kwa moja uani na maji. Nilipoushika mrehani, majani yote yalidondoka mkononi kama tumbaku. Shina lilivunjika.

Hausabai alikuja nyuma yangu, akaweka mkono mdomoni. "Nilidhani mmemwambia mtu," alisema. "Shemeji, mimi nilidhani Shevanta amemwambia mtu."

"Mimi nilidhani Baba amesema na wewe," Shevanta akasema, akaanza kulia.

"Hakuna aliyesema," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa hapa."

*

Baada ya siku ya kumi na tatu Haribuwa alinijia. Ni mtu mzuri, tumekua pamoja. Alikaa ukingoni mwa veranda akatafuta namna ya kuanza.

"Dagadu, ulichosema mtoni tumekisikia wote. Lakini mrehani ni wa wanawake. Tangu wazee. Shevanta abebe, wewe utembee kando."

"Kunguru hakushuka kwa Shevanta."

Alicheka bila kutaka. "Na mrehani wenyewe uko wapi? Nasikia umekuwa kuni."

"Utakuwepo."

"Basi chukua mche mwingine, hata kwangu upo. Mrehani ni mrehani."

"Nilisema wake."

"Wake umekufa, bwana wee!"

"Nimeona, Buwa. Nilikuwepo."

Haribuwa aliinuka. Kisha akasema yeye ana msafara wa watu mia mbili wa kuongoza, na kila mwaka kuna mmoja anayemtia wazimu, na mwaka huu hakudhani atakuwa mimi, mtu asiye na maneno.

Usiku ule sikulala, lakini jibu halikuja kwangu. Lilikuja asubuhi, juu ya ukuta, kwa sauti ya Hausabai.

"Shemeji! Mkoba wake wa tambuu uko wapi?"

"Ninao."

"Umefungua?"

Sikuwa nimefungua. Ulikuwa na harufu yake.

"Fungua. Penye kijaluba cha chokaa, chini yake. Kila mwaka alikuwa anakamua vishada vya mrehani, anafunga mbegu kwenye kitambaa. Aliniambia mimi, kwa sababu wewe ungemwuliza, za nini."

Nilifungua. Popoo nusu, kikata popoo, jani la tambuu limekauka, kijaluba. Chini yake kitambaa chenye fundo. Mbegu ndogo nyeusi, ndogo kuliko nukta. Nilizihesabu, nikafika kumi na tisa, macho yakanisumbua, nikaacha.

Sijawahi kupanda mrehani. Mimi ni mtu wa mawe. Shevanta alinionyesha: usizifukie, zitandaze tu, nyunyizia maji kwa vidole. Nilinyunyizia asubuhi, mchana na jioni. Wanakijiji walipita ukutani.

"Baba Maruti, leo umeamka mapema kunyonyesha?"

"Ndiyo."

"Wanatembea tayari, au bado wanatambaa?"

Siku ya tisa vimea vitatu vilichipua. Kuku akala kimoja. Nilimfunga kuku. Msafara ulipokaribia vilibaki viwili, urefu wa kidole. Nilivihamishia kwenye kopo lake la shaba, na nikaenda kwa Haribuwa, nikaliweka mbele yake.

Aliinama akatazama. "Hivi ndivyo?"

"Ndivyo. Uzao wa Kanhoba."

"Mbuzi akipiga chafya vimekwisha."

"Nitatembea mbali na mbuzi."

Alikuna kichwa muda mrefu. "Siwezi kumzuia mtu barabarani," alisema mwishowe. "Lakini kwenye mstari wa wanawake huingii. Utakwenda nyuma ya mkokoteni wa mizigo. Na ukianguka na miaka yako sabini, usinilaumu."

"Sitakulaumu."

*

Mwanamume hajui kubeba kitu kichwani. Nilidhani ni kazi ya shingo. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimelishika kopo kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia paa lisianguke, na mabega yamekufa ganzi. Wanawake walikuwa wanageuka mmoja mmoja kutazama.

"Mwoneni bibi harusi!"

"Taratibu, dada, usimwage maziwa!"

Mapumzikoni Hausabai alinijia. Alitoa kipande cha sari ya Tanhu, ile ya kijani, akakisokota ngata, akanipiga nayo kifuani.

"Weka hii. Kichwa kisimame, magoti yalegee. Usitazame miguu. Miguu inajua njia. Na tabasamu kidogo, shemeji, unatembea kama umeitwa polisi."

"Sari hii umeitoa wapi?"

"Aliniazima."

"Na sufuria?"

"Nimebeba sufuria. Tutapikia." Akaondoka zake.

Kwa ngata ilikuwa afadhali. Siku ya tatu niliweza kuachia mkono mmoja.

Siku ya nne njia inapita chini ya kilima chenye mapango ya watawa wa Buddha. Walikaa humo wazee wa kale kuliko hata Kanhoba, wakichimba mwamba. Baba yangu alinipeleka huko nilipoanza kazi, akanishika kidole akakipitisha kwenye alama za tindo ukutani. Alisema, hawa walianzia juu kwenye dari wakashuka mpaka sakafuni, na hakuna kipande walichoweza kurudisha. Ukikosea unaendelea na kosa lako mpaka ligeuke kitu. Nilikuwa sijayafikiria mapango yale miaka hamsini. Nilipita nikiyatazama, kopo kichwani. Goti la kulia lilikuwa limevimba. Haribuwa alituma mtu kuniambia nipande mkokoteni.

"Mwambie asante," nilisema. "Tanhu hakupanda."

Siku ya sita mvua ilitukuta uwandani. Kwetu tunaishangilia, watu waliimba. Mimi niliinama juu ya kopo, nikajifunika plastiki, nikabaki hivyo nimechutama kando ya njia, msafara ukipita. Ilikuwa mvua ya mawe, mawe madogo kama dengu. Yalinipiga mgongoni. Ilipokatika nilifunua. Mche mmoja umevunjika shingoni. Mmoja mzima, majani manane.

Nilikaa pale kwenye matope. Msafara ulikuwa umeshanitangulia sana, matuazi siyasikii. Nikasema kwa sauti, hapakuwa na mtu, "Mama Maruti, umebaki mmoja." Kisha nikainuka, kwa sababu kukaa hakukuwa kunasaidia kitu.

Niliwafikia jioni. Hausabai alikuwa amesimama barabarani, mkono kiunoni, hasira usoni.

"Ulikuwa wapi? Nimeshakulilia mara mbili!"

"Uko mmoja," nilisema, nikamwonyesha.

Alitazama majani yale. Hakutania. Asubuhi yake alikwenda mbele kabisa, kwa Haribuwa, nami nilisikia kwa sababu Hausabai hajui kunong'ona.

"Buwa, mstari wetu ni wa watu wanne wanne. Wangu una watatu. Tangu nyumbani natembea na pengo ubavuni."

"Weka mwanamke mwingine."

"Pengo ni la Tanhu. Mrehani wa Tanhu uko nyuma ya mkokoteni unakula vumbi la ng'ombe. Wewe unaona hiyo ni heshima?"

"Unabebwa na mwanamume, Hausa!"

"Basi usimtazame yeye. Tazama mrehani. Siku sita umemtazama mzee yule, umeona nini kipya?"

Watu walicheka. Haribuwa alilishika zeze lake, akalilegeza kamba, akalikaza tena. Kisha akaja mwenyewe mpaka nyuma, kupita watu wote mia mbili. Aliinama akaugusa mrehani, akagusa paji lake la uso.

"Nenda mahali pake," aliniambia. "Nikiulizwa na mtu, nitasema sikuona."

Siku tatu za mwisho nilitembea mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto. Nyimbo za wanawake sikuzijua kwa mdomo. Nilizijua kwa sikio, miaka arobaini na sita kupitia ukutani. Siku ya nane nilijikuta naimba.

*

Pandharpur tuliingia siku ya kumi ya mwezi. Sikukuu ni siku ya kumi na moja, na siku hiyo hatuchumi jani la mrehani. Kwa hiyo niliuomba radhi mche, nikachuma majani mawili kati ya manane, nikayafunga kwenye kile kitambaa cha mbegu. Kopo nikamwachia Hausabai.

"Foleni imefika nje ya mji," Haribuwa alisema. "Dagadu, inamia kilele. Tanhu mwenyewe alikuwa anainamia kilele."

"Miaka kumi na moja. Huu ni wa kumi na mbili."

"Tunaondoka kesho alasiri. Hatutangoja."

"Nitarudi peke yangu. Njia naijua sasa."

Nilisimama mchana ule, na usiku, na mchana uliofuata. Mbele yangu alikuwa mkulima wa vitunguu, nyuma yangu bibi mmoja aliyekuwa analala amesimama, paji la uso likiwa mgongoni kwangu. Sikumwamsha. Goti lilikuwa kama kibuyu. Walipita watu wakigawa chai na ndizi. Nilisogea hatua moja, nikangoja, nikasogea. Nilifikiria atachoka nani kwanza.

Jioni ya sikukuu nilifika. Watu husema mengi kuhusu walichokiona pale. Mimi niliona jiwe jeusi, kazi ya mikono mizuri, limesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Miguu imelainika kwa kuguswa, kama jiwe la kusagia lililoisha meno. Niliinama, nikaweka majani mawili, nikaweka kichwa.

"Mimi ni Dagadu," nilisema. Ilibidi nijitambulishe, kwa sababu najua aliponitaja kwake alisema Baba Maruti, na akina baba Maruti ni wengi. "Tanhubai wa Nimbhere amenituma. Anasema inatosha. Keti."

"Songa mzee, songa!" mlinzi alisema, akanishika bega.

"Bado sijamaliza."

"Kila mtu bado hajamaliza. Songa!"

Nilisonga. Nilikuwa nimemaliza.

Nje, kwenye ngazi, nilikuta watu wawili wamekaa, na kopo la shaba katikati yao, na sufuria. Hausabai alikuwa amesinzia. Haribuwa alikuwa macho.

"Ulisema hamtangoja," nikamwambia.

"Msafara umetangulia. Mimi goti linaniuma." Hakuwa na goti bovu. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ameketi?"

"Sikukaa kuona. Walinisukuma."

Hausabai aliamka, akatazama miguu yangu, akanyanyua ngata ya kijani. "Haya, shemeji," alisema. "Kichwa kisimame."

*

Sasa ni mwezi wa Kartik, miezi minne tangu safari. Mrehani umefika kiunoni na una vishada. Nimejaza kitambaa mbegu, nusu nimempa Hausabai, nusu iko kwenye mkoba, chini ya kijaluba. Jiwe la kusagia nimelitia meno upya. Shevanta anasaga siku moja moja, analalamika mkono, ila beti nne tano tayari anazijua.

Nimemwambia jambo moja, nikamfanya alirudie mbele ya Maruti. Siku nitakayokufa, kabla hawajamwita mtu, kabla hawajalia, apande juu ya kijiwe ukutani amwite jirani kwa sauti, amwambie mwagia mrehani maji.

"Hausabai akiwa hayupo je, Baba?" aliniuliza.

"Basi mwagia wewe mwenyewe."

"Na mwiko?"

"Mwagia. Wakikuuliza, sema nilisema mimi."